Unga wa sianobakteria na maji ya betri: unapofaa na usipofaa (uzi kutoka Malindi)

#1 Mwana wa Sabaki (mleta uzi)

Assalaam aleikum, na salamu kwa wote.

Mara mbili nimeulizwa katika nyuzi za watu wengine kama ni kweli kwamba sianobakteria wanaweza kuondoa metali nzito katika majitaka. Nawasema wale viumbe wa kijani wanaotanda kwenye maji yaliyotuama, ambao wengi wetu tulifundishwa kuwaita mwani wa kijani-buluu ingawa si mwani bali ni bakteria wanaojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua. Mara zote mbili nilijibu kwa mistari mitatu isiyomfaa mtu. Leo nataka kujibu vizuri, kwa sababu nimeshughulika na jambo hili kwa miezi kadhaa hapa Malindi na nimekosea vya kutosha kuwa na la kusema. Wanaweza, lakini mahali pao pa kazi ni padogo kuliko watu wanavyodhani: ni mlangoni mwa karakana, ndani ya pipa, kabla maji hayajagusa ardhi. Mtoni hawafai, baharini hawafai, na kisimani ndiyo kabisa.

Mtoto wa ami yangu anakarabati betri za magari na za sola. Betri iliyokufa hufunguliwa, asidi humwagwa, pleti za risasi huoshwa, na kinachobaki ni maji ya kijivu yenye tope. Kwa miaka mingi maji hayo yalimwagwa nyuma ya ukuta, na hatua zisizozidi arubaini kutoka hapo kuna kisima cha jirani. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Watu waliona maji yanapotelea mchangani wakadhani yamekwisha. Lakini mji wetu umekaa juu ya mchanga na mwamba wa matumbawe, na kinachomwagwa juu leo hakikawii kufika chini. Tena sisi watu wa Pwani hatuna udhuru wa kutojua, maana madhara ya sumu ya risasi yaliyowapata wakazi wa Owino Uhuru kule Mombasa, walioishi ukuta kwa ukuta na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, yamesikika dunia nzima: Phyllis Omido alipewa Tuzo ya Goldman ya mazingira mwaka 2015 kwa kuwapigania, na mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3.

Kabla ya yote inafaa tuelewe kwamba risasi haiozi. Maji ya jikoni yenye mafuta na makombo hupata bakteria wa kuyala mpaka yakabaki gesi na maji. Risasi haina wa kuila. Kila njia ya kusafisha maji yenye metali, iwe ya bei ghali au ya bure, inaihamisha tu kutoka kwenye maji mengi kwenda kwenye kitu kidogo kigumu unachoweza kukishika na kukifungia. Mtu akikuambia kwamba viumbe wake wanaimaliza sumu ya risasi, mwombe akuonyeshe ilikokwenda.

Sasa kazi yenyewe. Ukuta wa seli ya sianobakteria, pamoja na ute unaouzunguka, umejaa vikundi vya kemikali, hasa vya kaboksili na vya fosfeti, ambavyo katika maji yasiyo na asidi kali hubaki na chaji hasi. Ioni (yaani chembe zilizoyeyuka zenye chaji) za risasi, shaba, kadimi na zinki zina chaji chanya, kwa hiyo zinavutwa na kunata. Vifikirie vikundi hivyo kama viti vya matatu na ioni kama abiria. Kunata huku hakuhitaji kiumbe awe hai: seli iliyokufa, ikakaushwa juani na kusagwa, bado ina viti vyake, na kazi kubwa hufanyika ndani ya dakika chache hadi saa moja. Kiumbe hai ana njia ya pili, ya kuiingiza metali ndani ya seli na kuifunga huko, lakini hiyo ni ya polepole na ina kikomo, kwa kuwa metali ikizidi humuua. Ndiyo sababu mimi natumia unga.

Unga wangu ni wa spirulina, mmoja wa sianobakteria hao. Ninaiotesha mwenyewe kwenye beseni pana lenye maji ya kisima yaliyotiwa magadi na mbolea kidogo, kwa sababu spirulina hupenda maji ya magadi yenye pH (kipimo cha asidi: 7 ni katikati, chini yake ni asidi, juu yake ni ukali wa magadi au chokaa) ya 9 hadi 10 na joto la nyuzi 30 na kitu, na joto hapa kwetu halinunuliwi. Ni jamaa wa wale wanaoliwa na flamingo wa Bogoria na Nakuru. Faida yake nyingine ni kwamba ina umbo la uzi mrefu uliojisokota, hivyo huchujwa kwa kitambaa cha bafta, na maji yenyewe yanayachukiza magugu mengi ya majini. Nawaomba sana msiende kukomba utando wa kijani kwenye kidimbwi chochote mkaanika. Baadhi ya sianobakteria, hasa Microcystis, hutengeneza sumu ya ini ambayo Shirika la Afya Duniani limeiwekea kikomo cha mikrogramu 1 tu kwa lita katika maji ya kunywa. Utakuwa umeondoa sumu moja na kuingiza nyingine.

Kosa langu la kwanza lilikuwa la aibu kwa mtu aliyewahi kufundisha kemia. Nilichukua ndoo ya maji ya kuoshea pleti, nikatia unga, nikakoroga, nikasubiri. Hakuna kilichonata. Maji yale yalikuwa ya asidi, na asidi maana yake ni ioni za haidrojeni zisizo na idadi: zilipanda matatu zote kabla risasi haijafika stejini. Unga huu hufanya kazi vizuri kwa risasi kwenye pH ya 4 hadi 6 hivi. Chini ya hapo viti vimejaa. Juu zaidi risasi huanza kuganda yenyewe kama tope, na hapo huwezi kujua kama ni unga uliofanya kazi au ni kuganda huko.

Kwa hiyo utaratibu wetu wa sasa una hatua mbili. Kwanza tunatia chokaa kidogo kidogo mpaka pH ifike 9 hivi, tunaacha pipa lilale usiku kucha, na asubuhi tope jeupe la jasi na risasi limeshuka chini. Kisha tunayahamisha maji ya juu yaliyo meupe kwenye pipa la pili, tunayarudisha kwenye pH ya 5 hivi kwa asidi kidogo sana, tunatia unga, tunakoroga kwa saa moja, na tunachuja kwa bafta iliyokunjwa mara mbili. Chokaa huondoa sehemu kubwa; unga huondoa kile chokaa ilichokiacha, na katika risasi kile kilichoachwa ndicho chenye madhara ya miaka mingi. Chukueni mfano wa hesabu tu: pipa la lita 200 likibakiwa na miligramu 2 za risasi kwa kila lita, hizo ni miligramu 400 kwa pipa zima, na maji hayo yana risasi mara 200 ya kikomo cha maji ya kunywa cha Shirika la Afya Duniani, ambacho ni miligramu 0.01. Gramu moja ya unga ikishika miligramu 20, gramu 20 zingetosha kwenye karatasi. Mimi hutia gramu 200, kwa sababu kadiri risasi inavyopungua majini ndivyo inavyokuwa vigumu kuikamata iliyobaki.

Maji yanayotoka hayanywewi, hayamwagiliwi mchicha, na hayamwagwi nyuma ya ukuta. Yanarudi kuosha pleti za kesho. Karibuni kwa maswali na masahihisho.

#2 Fundi Kalafati

Waaleikum salaam, Mwalimu. Nipo Lamu, na kazi yangu ni mashua na majahazi. Wazee wetu walipaka deheni na sifa (mafuta ya papa) chini ya chombo. Sisi tunapaka rangi ya dukani yenye shaba, ili wadudu wa baharini na majani yasiote kwenye mkuku. Kila chombo kikipandishwa pwani tunakwangua rangi kuukuu, na vumbi lake jekundu linaingia majini maji yakijaa. Je, siwezi kuweka hodhi la maji ya bahari lenye viumbe hawa wakiwa hai, nikapitisha humo maji ninayooshea chombo? Wanaota bure, na wala sitahitaji kusaga unga.

#3 Mwana wa Sabaki (mleta uzi)

Ami, nitakujibu bila kukupamba: hapana, na sababu ni tatu.

Shaba ni sumu kwao hasa. Tangu mwanzoni mwa karne ya 20 watu wa mabwawa ya maji wamekuwa wakitumia salfeti ya shaba kuua utando huu huu wa kijani. Rangi yako inalinda chombo kwa sababu hiyohiyo, kwa hiyo utakuwa unawapa wafanyakazi wako sumu iliyotengenezwa kwa ajili yao.

Pili ni maji ya bahari. Lita moja ina takriban gramu 35 za chumvi, na ndani yake magnesiamu ni kama miligramu 1,300 na kalsiamu kama 400. Rudi kwenye matatu yangu: shaba yako ni abiria mmoja mwenye haki ya kiti, lakini mlangoni wamejazana maelfu. Shaba hunata kwa nguvu kuliko kalsiamu, nakubali, ila msongamano huo unapunguza sana kazi ya unga.

Ya tatu ndiyo muhimu kuliko zote. Rangi unayoikwangua ni vipande na vumbi. Shaba yake nyingi bado haijayeyuka. Unga wangu unanasa ioni zilizoyeyuka, wala haunasi vipande vya rangi. Kwa kazi yako, turubai iliyotandazwa chini ya chombo kabla ya kukwangua, ikafagiliwa na kukunjwa kabla ya bamvua, itazuia shaba nyingi kuliko hodhi lolote la viumbe. Najua haivutii kama sianobakteria, lakini ndiyo kweli.

#4 Fundi Kalafati

Turubai ninayo. Upepo wa kusi unaichukua, lakini nitaibana kwa mawe. Ahsante kwa kunisema wazi.

#5 Mvuna Chumvi

Mimi natoka upande wa Gongoni, kwenye mashamba ya chumvi. Mleta uzi amesema chumvi inaharibu kazi, lakini mabwawa yetu yana utando mnene chini, kama zulia, unaoota ndani ya maji makali kuliko bahari. Ukiukata kwa kisu unaona tabaka: juu kijani, katikati rangi ya waridi au zambarau, chini weusi unaonuka kama yai viza. Nimesoma kwamba tabaka la juu ni hao hao sianobakteria. Kama wamezoea chumvi kiasi hicho, mbona wasitumiwe?

#6 Mwalimu Mstaafu

Naomba nimsaidie mleta uzi hapa, kwa kuwa swali hili ni zuri na linastahili jibu pana kuliko la shaba.

Utando huo hufanya kazi kwa namna isiyofanana na ile ya unga, na kwa hakika haitegemei sana kunata kwa chaji. Mchana, tabaka la kijani linapofanya usanisinuru, linameza kaboni dioksidi iliyomo majini na kuifanya pH ndani ya utando ipande sana, hata kupita 9, na katika hali hiyo baadhi ya metali huganda kama kaboneti. Chini kabisa, kwenye ule weusi, hakuna oksijeni. Wapo bakteria wengine wanaopumua salfeti badala ya hewa na kutoa gesi ile yenye harufu ya yai viza, yaani haidrojeni salfaidi. Metali nyingi nzito zikikutana na salfaidi huganda papo hapo kuwa kitu kisichoyeyuka, na weusi wenyewe kwa sehemu kubwa ni salfaidi ya chuma. Hivyo zulia lako, bwana, ni mtego wa metali wenye ghorofa kadhaa, na sianobakteria ndio wanaowalisha wapangaji wote wa chini.

Lakini mtego huo una sharti. Unashika maadamu umelala kimya chini ya maji. Siku utakapoukwangua na kuuanika, hewa itaingia kwenye tabaka jeusi, salfaidi itabadilika kuwa salfeti, na metali zilizofungwa zitayeyuka tena na mvua ya kwanza ya masika. Tena mashamba yale yanatoa chumvi inayotiwa kwenye mchuzi wa watu. Kupitisha majitaka ya risasi mahali hapo, hata kwa majaribio, ni jambo ambalo mimi binafsi nisingeliunga mkono kwa hoja yoyote ile.

Niongeze moja kuhusu kiumbe hai, kwa kuwa mleta uzi alilipita haraka. Sianobakteria aitwaye Synechococcus ana protini ndogo yenye salfa nyingi inayofunga zinki na kadimi ndani ya seli, pamoja na protini nyingine inayofanya kazi ya bawabu: zinki ikiwa kidogo, bawabu huuzima utengenezaji wa ile ya kwanza, zinki ikizidi, huuachilia. Ni mpangilio mzuri ajabu, na umesomwa sana maabarani, lakini umewekwa kwa ajili ya usalama wa kiumbe mwenyewe. Hakujiandaa kusafisha pipa la fundi betri.

#7 Mvuna Chumvi

Nimeelewa. Basi zulia libaki lilipo.

#8 Saruji na Chokaa

Samahani kwa kuuliza kwa ukali kidogo. Mleta uzi mwenyewe amekiri kwamba chokaa huondoa sehemu kubwa. Chokaa tumeichoma Pwani hii kwa matumbawe tangu enzi za mababu, bei yake inajulikana, na kila fundi wa nyumba anaijua. Kwa nini nimwambie kijana wa karakana aoteshe vijidudu kwenye beseni, anunue magadi, achuje, aanike, asage, wakati angeongeza tu kijiko cha chokaa?

#9 Mwana wa Sabaki (mleta uzi)

Swali halali, na lilinisumbua mimi pia kwa wiki nzima.

Kijiko cha ziada hakisaidii daima, kwa sababu risasi ina tabia mbili. Ukipandisha pH hadi 9 au 10 huganda. Ukizidisha chokaa mpaka maji yawe makali mno, huanza kuyeyuka upya kwa umbo jingine. Fundi asiye na karatasi za kupimia pH, akiongeza kijiko kwa kijiko kwa nia njema, anaweza kupita kilele na kurudi upande wa pili bila kujua, maana macho hayaoni tofauti. Halafu hata kwenye kilele chenyewe kunabaki kiasi. Hapa ndipo kugandisha kwa kemikali kunapochoka: ni kwema sana metali ikiwa nyingi, na kunakuwa dhaifu na kuacha tope jingi pale metali inapokuwa kidogo. Unga una tabia ya kinyume. Ukiutia kwenye maji yenye risasi nyingi utajaa mara moja na utakuwa umepoteza kazi ya mwezi. Ukiutia kwenye maji ambayo yamekwisha pita kwenye chokaa, unafaa.

Kwa hiyo sibishani na chokaa, na kama fundi ana uwezo wa hatua moja tu, achukue chokaa, karatasi za pH, na usiku mmoja wa kutulia. Hata hivyo nakiri kasoro moja ya mpango wangu: chokaa huacha kalsiamu nyingi majini, na kalsiamu hiyo inagombea viti vya unga. Kwa mapipa mawili ya mwisho nimejaribu kuituliza asidi kwa magadi badala ya chokaa. Hufura vibaya, kwa hiyo yatiwe polepole na pipa lisijazwe, na ni ghali zaidi, lakini risasi huganda kama kaboneti na maji hayabebi kalsiamu ya ziada kwenda hatua ya pili.

#10 Bi Beseni

Mimi nafuga spirulina ya kuliwa, ninaikausha na kuwauzia majirani na kliniki moja kwa ajili ya watoto wadhaifu. Uzi huu umeninyima usingizi. Kama inanasa metali kiasi hiki, je, ninawalisha watu nini?

#11 Mwana wa Sabaki (mleta uzi)

Dada yangu, usiwe na hofu isiyo na mipaka, lakini hofu kiasi ina maana. Spirulina haitengenezi risasi. Inaokota ile iliyomo kwenye maji, magadi, mbolea na chombo ulichotumia. Maji yakiwa safi na beseni likiwa la plastiki ya chakula, huna sababu ya kushuku. Ninachokushauri ni kupeleka sampuli ya unga mkavu kupimwa metali angalau kila unapobadilisha magadi au mbolea, kwa kuwa hizo ndizo njia zinazosahauliwa, na pipa kuukuu la rangi lisitumike hata siku moja. Mabeseni yangu ya karakana hayajawahi kukaa ua mmoja na chakula, na kitambaa kilichochuja maji ya betri hakifuliwi kwenye karai la nyumbani.

#12 Kijana wa Kupaka Kromi

Na maji ya kupaka kromi kwenye bampa yanakubali unga huu?

#13 Mwalimu Mstaafu

Si kwa utaratibu huu. Kromi ile ya njano, ya hali ya sita, husafiri majini ikiwa na chaji hasi, kwa hiyo kwenye pH ya 5 inasukumwa na viti badala ya kuvutwa. Hunata kwenye asidi kali, pH ya 2 hivi, na hapo pia sehemu yake hubadilishwa kuwa kromi ya hali ya tatu, isiyo na ukali kama ule. Ni kazi nyingine kabisa, na ile ya hali ya sita husababisha saratani. Usiijaribu nyumbani.

#14 Msafiri wa Mambrui

Mimi nilitarajia uzi ungezungumzia Sabaki. Mto unaanzia kule juu karibu na Nairobi ukiitwa Athi, unapokea maji ya mito ya jiji na viwanda vyake, unakuwa Galana, halafu unatumwagia hapa ukiwa mwekundu kama udongo wa Tsavo. Bahari ya Malindi inabadilika rangi kila mvua, na hifadhi yetu ya baharini ya tangu 1968 iko papo hapo kusini. Kama viumbe hawa wanafaa, si wangewekwa mtoni?

#15 Mwana wa Sabaki (mleta uzi)

Nimejiita kwa jina la mto huo, kwa hiyo ningefurahi kusema ndiyo. Lakini tazama jinsi metali zinavyosafiri humo. Sehemu kubwa ya metali katika mto wenye matope imekwisha nata tayari, kwenye chembe za udongo, ambazo nazo zina chaji hasi kama seli za sianobakteria. Mto wenyewe umebeba unga wake, tani kwa tani, na hakuna beseni litakaloshindana nao. Tope la maji pia linazuia mwanga usiwafikie viumbe hai, na maji ya masika yatakizoa chochote utakachokifunga kando ya mto. Kule Baricho tunachota maji chini ya mchanga wa mto huohuo, na mchanga unachuja kuliko ninavyoweza mimi. Metali za Nairobi zinazuiwa Nairobi, kwenye bomba la kiwanda, maji yakiwa bado machache na yenye metali nyingi. Mantiki yake haina tofauti na ya ukuta wa karakana yetu. Imeongezeka ukubwa tu.

#16 Mkemia wa Mkomani

Nimeufuata uzi tangu mwanzo na nina sahihisho moja la kipimo. Mleta uzi hajasema alipimaje. Nimeona mafundi wakitumia ile njia ya shuleni ya iodidi ya potasiamu, ambapo risasi hutoa rangi ya njano inayopendeza sana. Rangi hiyo huonekana risasi ikiwa nyingi. Kutoonekana kwake hakumaanishi kwamba maji ni salama. Hata mashine ya kawaida ya kupima metali kwa mwali wa moto haitoshi kuthibitisha miligramu 0.01 kwa lita kwa uhakika. Panahitajika ile ya tanuri ya grafiti au nyingine yenye usikivu zaidi. Kwa hiyo mtu akipewa karatasi ya maabara iliyoandikwa kwamba risasi haikugunduliwa, aulize kwanza: kikomo cha kugundua cha mashine yenu ni ngapi?

Swali langu la pili ni zito zaidi. Unga uliojaa risasi uko wapi sasa hivi?

#17 Mwana wa Sabaki (mleta uzi)

Sahihisho nimelipokea, na kwa kweli la kipimo liliniumbua. Sampuli zangu za kwanza nilizipima kwa ile njano, nikashangilia mapema. Zilizofuata nilizipeleka Mombasa kwenye maabara, na majibu yalionyesha kwamba mteremko mkubwa ulitokea kwenye chokaa na mdogo kwenye unga, kama nilivyoeleza. Kikomo cha mashine sikukiuliza. Nitarudi kukiuliza.

Kuhusu unga uliojaa: uko ndani ya pipa la plastiki lenye kifuniko cha kubana, limeandikwa kwa rangi nyekundu, limefungiwa ndani ya stoo yenye sakafu ya saruji, pamoja na tope la chokaa likiwa kwenye pipa lake. Hauchomwi, kwa sababu risasi itaondoka na moshi na iliyobaki itakaa kwenye majivu yanayopeperuka. Hautiwi shambani, hata kama unanuka kama mbolea nzuri. Kuna njia ya kuuosha kwa asidi hafifu, ambapo haidrojeni inarudi kwenye viti na kuwashusha abiria wote, nawe unabaki na maji machache yenye risasi nyingi pamoja na unga unaoweza kutumika tena kwa mizunguko kadhaa. Niliifanya mara moja. Inawezekana, lakini kila mzunguko unga hulegea na kupita kwenye bafta, na fundi asiye na glavu wala miwani hafai kuachiwa kazi hiyo. Nimeiacha.

#18 Mkemia wa Mkomani

Na pipa likijaa?

#19 Mwana wa Sabaki (mleta uzi)

Mtoto wa ami yangu huuza pleti kuukuu kwa mnunuzi mwenye leseni ya taka hatari, anayepita kila baada ya miezi michache. Tope la chokaa amekubali kulichukua, kwa kuwa lina risasi ya kutosha kumlipa gharama ya kuliyeyusha. Unga ameukataa: ni mwepesi, una risasi kidogo kwa uzani wake, na tanuri lake halitaki kitu cha kikaboni. Nimemwomba achukue walau ule uliokaushwa na kushindiliwa ndani ya tope, akasema nimletee kilo tano azione kwanza. Pipa sasa limefika nusu, na nimesimamisha kuotesha beseni la pili mpaka anijibu.

#20 Fundi Kalafati

Mwalimu, akikubali tujulishe papa hapa. Vumbi langu la shaba nalo limeshajaa gunia moja.